Yai Halina Kitako

Kama kuna kitu ambacho Mama Joto hakukubali kuelezwa na mtu, ni yai. Mengine ungemwambia akakusikiliza. Ungemwambia paa lake linavuja, angekushukuru. Ungemwambia mwanawe anakonda, angekaa nawe mkalijadili. Lakini ukifungua kinywa kumweleza habari ya yai, alikutazama toka unyayo hadi utosi, kisha akakuuliza, "Wewe umetotoa mangapi?" Na hapo mazungumzo yaliisha.

Jina hilo la Mama Joto alilipata kwa ajili ya kope la jicho lake. Kabla hajawa na kipimajoto, alikuwa akitoa yai sandukuni, anafumba jicho, analibandika yai juu ya kope, anatulia tuli. Likipungua joto alijua, likizidi alijua. Watu walimcheka mpaka walipoona vifaranga. Baada ya hapo hakuna aliyecheka.

Alianza kwa msiba. Mume amekufa, mtoto mmoja wa kiume hajaota jino la pili, na kuku tisa uani. Mbwa wa jirani akamrarua kuku aliyekuwa ameatamia, mayai kumi na moja yamebaki ya vuguvugu kwenye majani. Mwingine angeyakaanga. Yeye aliyatia katika sanduku la sabuni lenye pamba, akaweka kibatari chini yake, akayageuza kwa mkono siku kumi na mbili mfululizo, mara tatu kwa siku, kila yai na alama yake ya mkaa ubavuni asije akasahau lipi limegeuka na lipi bado. Wakatoka vifaranga tisa. Alisimama akiwatazama kama mtu aliyeokota vito njiani.

Basi sanduku likawa masanduku, na masanduku yakawa chumba kizima nyuma ya nyumba. Miaka thelathini na mmoja watu walimletea mayai yao. Katika kila mayai mia walitoka vifaranga themanini. Ikizidi kuwa mbaya, sabini na tano. Mtoto wake alisoma, akawa fundi umeme, akaoa.

Na hapa ndipo penye mambo. Mwezi ule ule aliooa, fundi umeme alimletea mama yake mashine. Kubwa kama kabati, yenye kioo mlangoni na trei za plastiki zenye vikombe, kila yai na kikombe chake, likisimama peke yake. Hakuna tena kulala ubavu wala kugeuza kwa mkono. Ukivuta mpini, trei nzima inainama huku, ukiusukuma inainama kule.

"Yanakaaje humu?" Mama Joto aliuliza.

"Mama, hayo ni yako," mwanawe akajibu akikusanya koleo zake. "Mimi nyaya zangu nimemaliza."

Mama Joto hakuuliza mara ya pili. Mtungi unakalia upande gani? Upande mpana. Gunia je? Na binadamu mwenyewe akichoka, anakalia kichwa? Kila kitu kina kitako chake. Akayasimamisha mayai yote upande mpana chini, ncha juu, yakapendeza kama askari kwenye gwaride.

Kwa hiyo mashine na mkwe waliingia nyumba ile mwezi mmoja. Mkwe alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, aliyewahi kushona magunia kiwandani. Alinawa mikono kabla ya kushika yai bila kuambiwa, na hilo Mama Joto alilipenda. Asilolipenda ni macho yake. Yalitazama mno.

Siku moja walikuwa wakipima mayai kwa tochi, mmoja anashika yai, mwingine anamulika. Mkwe akasema, "Mama, huku upande mpana kuna sehemu tupu. Hakuna kitu kabisa, nyeupe tu."

"Ni hewa hiyo."

"Sasa mbona tunaikalisha chini?"

"Inakaa ilipowekwa. Umekuja jana, leo unanifundisha yai? Shika trei hiyo."

Mkwe akashika trei.

Utotoaji wa kwanza wa mashine ile, katika mayai mia walitoka hamsini na wawili. Wa pili, arobaini na wanane. Wa tatu, arobaini na mmoja. Mama Joto alikuwa kama mtu anayepigwa kofi na asiyemwona. Alibadilisha maji. Alibadilisha kipimajoto. Alirudia kope la jicho lake, na joto lilikuwa sawasawa. Alipiga hesabu ya kila kilichobadilika tangu enzi za vifaranga themanini kwa mia, na kila alipohesabu alifika kwa mtu mmoja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na mashine je? Mashine aliileta mwanawe, na mwanawe hakosei.

Hakumwambia mkwe chumbani. Alimwambia barazani, siku watu wamekuja kuchukua vifaranga vyao. Alikuwapo fundi viatu, jirani mwenye ulimi kama sindano yake, aliyeleta mayai sitini na kukabidhiwa vifaranga ishirini na sita.

"Mama Joto," alisema akichungulia boksi lake, "au jogoo wangu siku hizi ananidanganya?"

"Jogoo wako hana kosa. Kosa limo humu ndani. Kuna mkono hapa unafungua mlango wa mashine kama kabati la nguo, kutwa kufungua, kutwa kufunga. Mayai yanapigwa baridi, vifaranga vinafia ndani vingali vidogo kama maharage. Mkono una gundu huo."

Mkwe alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Watu saba waligeuka kumtazama.

"Nampa safari moja tu," Mama Joto akaendelea, kwa maana alipoanza hakujua kusimama. "Vikipungua tena, atoke chumbani kwangu, na yai langu asiliguse mpaka siku ninakufa."

Mkwe aliitua ndoo taratibu. "Sawa, mama. Lakini safari hii yatakayobaki tuyapasue. Tuone hayo maharage."

"Tutayapasua! Na fundi viatu atakuwepo."

"Nitakuja na miwani," akasema fundi viatu.

Neno gundu likitoka kinywani halirudi. Wiki haikwisha, mama mmoja alipopokelewa boksi lake na mkwe, alilivuta kwa nguvu, akalishika mwenyewe. Mwanamke mwingine alimwomba, kwa upole kabisa, asipite karibu na kuku wake wanaotaga. Fundi umeme alimwambia mkewe avumilie, mama ni mtu mzima. Mkwe alijua kwamba akitolewa chumba kile kwa sababu ya mkono wake, mkono huo ataishi nao mtaa ule mpaka uzeeni, na hata akipika watu watausema.

Wiki tatu zile hakugusa mlango wa mashine. Mama Joto aliufungua mwenyewe na kuufunga mwenyewe. Siku ya saba alipima kwa tochi, akaona mayai yamejaa uhai: mishipa myekundu imetawanyika kama mizizi ya nyasi, na katikati nukta nyeusi ya jicho inachezacheza. Siku ya kumi na nne yalikuwa meusi ndani, yamejaa. Ya kumi na nane aliyatoa kwenye trei, akayalaza katika kikapu cha waya kule chini, yasubiri. Mayai mia na ishirini. Aliona yote ni mazima, akashangaa kidogo, akajisemea kwamba ndiyo faida ya mkono wake mwenyewe.

Siku ya ishirini na moja walitoka hamsini na watatu.

Siku ya ishirini na mbili hakutoka hata mmoja zaidi.

Tusifichane: moyoni Mama Joto alihisi kitu kama raha. Alimwita fundi viatu, akamwita mkwe, akatandika gazeti mezani, akachukua kijiko. Hata hakukumbuka kwamba safari hii mkwe hakugusa mlango. Mtu akitaka kushinda, macho yake huona anachotaka.

"Sogeeni," alisema. "Muone baridi inavyoua."

Akaligonga yai la kwanza ubavuni, akalimenya.

Alitarajia harage. Alikuta mtoto.

Kifaranga mzima, amekamilika, manyoya yameloa, kucha zimetimia, kale kajipembe keupe cha kupasulia ganda kako juu ya mdomo wake kama kokoto ya chumvi. Amekufa. Tumboni kiini kilikuwa kimeingia nusu, nusu bado kiko nje kama mfuko wa njano.

Mama Joto alimsogeza kando kwa kijiko. "Huyu ni mmoja," alisema. Akachukua la pili. Mtoto. Akachukua la tatu. Mtoto. La nne alilipasua kwa haraka mpaka kijiko kikamkata kidole. Mtoto, naye amekamilika kama wenzake.

"Baridi gani hii," fundi viatu akauliza polepole, bila mzaha, "inayomngoja mtu mpaka afike mlangoni?"

Mama Joto alikuwa ameacha kutazama vifaranga, anatazama vichwa vyao. Wote wanne vichwa vilielekea kwenye ncha, ule upande mwembamba, midomo imebanwa kule kama watu waliosukumwa pembeni mwa chumba. Akapasua la tano kwa kuanzia nchani kabisa. Kitu cha kwanza alichokutana nacho ni mdomo.

Akageuka kwenye kikapu, akaokota maganda ya wale waliotoka. Ganda moja, ganda la pili, la kumi. Kila moja lilikuwa limekatwa kama kifuniko upande mmoja tu. Upande mpana. Na mbona hilo alilijua! Miaka thelathini na mmoja, vifaranga maelfu kwa maelfu, kwenye masanduku yake na kwenye viota vya watu, hakuna siku aliyoshangaa kuona ganda limefunguka upande mpana, kwa maana ndipo linapofungukia. Alilijua kama anavyojua mlango wa nyumba yake uko wapi. Halafu akachukua nyumba akaipindua, akaukalisha mlango chini.

Kijiko kilimponyoka.

Mkwe alitoka, akarudi na mayai mawili na sahani. Moja la kuchemsha. Alilimenya mbele yao, na pale upande mpana kulikuwa na kile kibonyeo, kama kimebonyezwa na kidole gumba. Nani hajakiona? Mama Joto alikuwa amekula mayai ya kuchemsha tangu ana meno mpaka meno yalipoanza kumng'oka, na hakuwahi kuuliza kile kibonyeo kimetokana na nini.

"Ndiyo ile sehemu tupu, mama. Ganda lina vitundu hatuvioni, hewa inapita humo. Ndani ya ganda kuna utando mara mbili, na huku upande mpana tando zinaachana, hewa inakaa katikati. Kifaranga akiwa tayari, kwanza anatoboa utando, anaingiza mdomo kwenye hicho chumba, anavuta pumzi ya kwanza. Ndipo anapata nguvu ya kupasua ganda. Hawa kichwa kilikuwa juu, hewa iko chini ya miguu yao."

"Walikosa pumzi," alisema fundi viatu.

"Wengine walijigeuza wenyewe. Hao ndio hamsini na watatu."

Mkwe akavunja yai bichi kwenye sahani. Ute mzito ulikizunguka kiini, ute mwepesi ukatiririka pembeni, na kamba mbili nyeupe zilizosokotwa zilikishika kiini, moja huku, moja huku, kisiyumbe. Juu ya kiini palikuwa na kitone cheupe, kidogo kuliko punje ya mtama.

"Anaanzia hapa," mkwe akasema.

"Kifaranga ni kiini," Mama Joto akasema. Hilo angalau alikuwa nalo. "Kiini kinageuka kifaranga. Hata rangi yao ni moja."

"Kiini ni chakula chake. Mtazame yule."

Akamtazama yule wa kwanza pale kwenye gazeti, mtoto mzima na kiini chake kimening'inia kando ya kitovu. Kama kifaranga ndiye kiini, hiki kingine kilitoka wapi? Mara ngapi alishika vifaranga wa namna ile, akawaita vitumbo, akawatupa, asijiulize? Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nani kakufundisha?"

"Yale mabovu uliyokuwa ukinituma nikatupe siku ya saba. Nilikuwa nayapasua kabla ya kuyatupa. Mengine yalikuwa na kidude kimekaa juu ya kiini kama kupe mgongoni mwa ng'ombe. Nikajua anakula pale. Na siku za mwisho nilimulika tochi, nikaona mdomo unaingia kwenye hewa kabla ganda halijapasuka."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuambia, mama. Ulinipa trei nishike."

Wale hamsini na watatu walikuwa wakilia kwenye boksi. Mama Joto alikuwa anahesabu. Safari ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hii. Hakupenda ile hesabu ilikokuwa ikielekea, lakini haikusimama. Halafu akaruka kama ameketi juu ya kaa la moto. "Yangu! Mungu wangu, yale mengine!"

Mashineni kulikuwa na trei mbili za siku ya tisa, zote ncha juu.

Aliyageuza mwenyewe, moja moja, kwa mikono inayotetemeka, akavunja mawili. Alipomaliza na kuinua kichwa, mkwe hakuwepo. Aproni yake imetundikwa kwenye msumari. Fundi viatu ndiye aliyebaki, anafunga boksi la vifaranga wake kwa uzi.

"Mama Joto," alisema bila kumtazama, "mimi miwani yangu nimeisahau nyumbani. Sikuona kitu."

Akaondoka. Na Mama Joto akaielewa zawadi aliyopewa. Ilikuwa rahisi kiasi cha kutisha. Atayasimamisha mayai vizuri, vifaranga watarudi themanini, watu watasema umeona, tangu atoke yule mkwe mambo yamenyooka. Hakuna haja hata ya kusema uongo. Kunyamaza tu.

Asubuhi alimwona mkwe uani akianika nguo. Akajikohoza. "Leo kuna trei za kusafisha."

"Mkono wangu si una gundu?"

"Achana na hayo. Mimi nimekwisha kusahau."

"Wewe umesahau, mama. Watu hawajasahau."

"Kwa hiyo unataka nikupigie magoti? Mimi? Kwako?"

"Magoti ya nini." Mkwe alikung'uta shati la mumewe, maji yakamrukia mama mkwe usoni, na haikujulikana kama ni bahati mbaya. "Wewe ulisema barazani. Basi sema barazani."

Mama Joto alirudi chumbani akafunga mlango. Siku hiyo hakusema na mtu. Siku ya pili alimsema mwanawe kwa kosa la kikombe. Siku ya tatu ilikuwa siku ya watu kuleta mayai, na baraza lilijaa. Fundi viatu naye alikuwepo, anauma uzi.

Yule mama aliyelivuta boksi lake ndiye aliyeanza. "Tumesikia umemtoa yule. Umefanya vyema, Mama Joto. Mikono mingine ni ya kukaa nayo mbali."

Watu wakaitikia. Mama Joto alifungua kinywa aseme "ndiyo, mwanangu", na lile neno lilikuwa limekwisha kufika ulimini, tamu kabisa, na ndicho kilichomshtua kuliko vifaranga wote waliokufa: kwamba lilikuwa tamu.

"Si yeye," alisema.

"Nani?"

"Ni mimi." Alisema kwa ukali, kama anayegombana. Akalitoa yai kwenye boksi la yule mama, akalisimamisha juu ya kiganja, ncha juu. "Niliyasimamisha hivi. Miezi minne. Yeye aliniambia nikamfunga mdomo. Vifaranga wenu walikuwa wazima, wamefika mlangoni, nikawanyima pumzi kwa mkono huu."

Yule mama alitazama boksi lake kama analiona mara ya kwanza. Fundi viatu aliutoa uzi mdomoni.

"Kwa hiyo na wale wangu thelathini..." mzee mmoja alianza.

"Na wale wako. Wote. Asiyetaka kuniletea tena asilete, njia mnaijua." Akalirudisha yai kwenye boksi, upande mpana juu. "Lakini mkono wa yule msiuseme tena mbele yangu. Wala nyuma yangu."

Wawili walichukua mayai yao wakaenda. Waliobaki walisubiri wasichokijua.

Mkwe alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, ndoo ya nguo kiunoni. Hakutabasamu. Aliitua ndoo, akanawa mikono bombani, kidole kimoja kimoja, akaja mpaka barazani na kupita katikati ya watu.

"Zile trei mbili," alimwuliza mama mkwe wake, "umezigeuza zote?"

"Zote."

"Hukuliruka hata moja?"

Mama Joto alikumbuka jinsi mikono ilivyokuwa ikimcheza, akasita. "Sijui."

"Nitayakagua mwenyewe," mkwe akasema, na Mama Joto akasogea mlangoni, akampisha.